Shomoro wa Tano

Maandiko ya kusoma: Luka 12:6-7, Mathayo 10:29-31, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mambo ya Walawi 19:9-10, Kutoka 23:10-11

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome maandiko hayo hapo juu. Sitayanakili hapa, kwa sababu nataka uyaone kwa macho yako mwenyewe, na hasa uone mahali ambapo Mathayo na Luka wanataja bei tofauti.

Umesoma? Haya. Mathayo anasema shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja. Luka anasema watano kwa senti mbili. Sasa piga hesabu. Kama wawili ni senti moja, basi senti mbili ni wanne. Huyu wa tano ametoka wapi? Ni nyongeza. Ni kama pale soko la Engineer unaponunua nyanya, mama anakuhesabia zako, halafu anatupia moja juu na kukuambia hiyo ni ya kuongeza. Haina bei. Hata aliyeuza hakuihesabu. Na Bwana wetu anawaambia wanafunzi kwamba huyo shomoro wa nyongeza, asiye na bei hata kwa muuzaji wake, Mungu hajamsahau.

Nimehubiri andiko hili miaka mingi. Kila mara nilikuwa nikipita mbio aya ya 6 nifike aya ya 7, ile ya nywele zetu kuhesabiwa, maana hapo ndipo watu husema amina. Nilikuja kukaa na aya ya 6 mwaka juzi, na si kwa kupenda kwangu. Wacha nikueleze.

Mwaka juzi bei ya waru ilipanda. Mnaolima mnajua, ikipanda kila mtu anatafuta trekta. Shamba letu ni ekari sita, kipande cha lile baba yangu alilopata wakati watu walipogawiwa makazi baada ya uhuru. Ekari mbili tulikuwa tunalima viazi na kabichi, nusu ni boma, na tatu na nusu zilizobaki zilikuwa malisho. Hayo malisho hayakuwa yameguswa na jembe tangu enzi za mzungu aliyefuga kondoo huku. Ni zile nyasi za mafungu mafungu, zile ngumu, ambazo ukizipita asubuhi unalowa hadi magotini. Kijana wetu alikuwa ameitwa chuo. Karo ilikuwa mezani. Nikaamua ekari moja na nusu ya malisho igeuzwe.

Dereva wa trekta ni mpwa wangu. Kwenye mzunguko wa tatu au wa nne alisimamisha, akaniita. "Anko, kuna ndege hapa hataki kutoka." Nikaenda. Chini ya fungu la nyasi palikuwa na kioto, kikombe kidogo cha nyasi kavu, na ndani makinda. Sikuhesabu. Mama yao alikuwa ameruka hatua chache tu, akatua, akasimama wima akituangalia. Kifua chake manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na michirizi myeusi shingoni kama mkufu. Nilimjua. Tangu utoto wangu tulikuwa tunamwona nyuma ya kondoo. Basi nikaangalia mawingu upande wa Nyandarua, nikafikiria pesa ya trekta, nikamwambia mpwa wangu, "Endelea." Aliniangalia kidogo. Halafu akaendelea.

Jumapili ya pili baada ya hapo zamu ya kuhubiri ilikuwa yangu, na somo letu lilikuwa limefika Luka 12. Nilipofika aya ya 6 nikainua macho, nikamwona mpwa wangu benchi ya nyuma. Hakucheka. Hakutikisa kichwa. Aliinama tu akaangalia Biblia yake. Wapendwa, niliruka nikaenda aya ya 7. Kama ulikuwa kanisani siku hiyo, huenda ulifikiri nimeletewa karatasi kwamba muda umeisha.

Ndipo nikaanza kuuliza huyo ndege ni nani hasa. Nilikuwa nimekaa naye miaka zaidi ya 50 bila kumjua, nikidhani ni ndege wa kila mahali kama kunguru.

Kwa vitabu anaitwa Sharpe's Longclaw. Longclaw maana yake ni ukucha mrefu, na ukimwangalia mguu utaona kidole cha nyuma kina ukucha mrefu kupita kiasi kwa mwili wake. Nitamwita ukucha-mrefu tu, ndiyo tusichoshane. Sharpe lilikuwa jina la mtaalamu wa ndege wa Uingereza, Richard Bowdler Sharpe. Ofisa mmoja wa Kiingereza, Frederick Jackson, ndiye aliyemwandika huyu ndege vitabuni mwaka wa 1904 na kumpa jina hilo. Sasa usiseme ni ndege wa wazungu kwa sababu ya jina. Hakuna mzungu aliye naye kwao. Duniani kote anaishi Kenya peke yake, na hata ndani ya Kenya ni kwenye nyanda za juu zenye nyasi tu: pande za Mau Narok na Molo, Uasin Gishu, kando ya Mlima Kenya, na hapa kwetu Kinangop, ambapo ndipo ngome yake. Katika orodha ya dunia ya viumbe, amewekwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Ni mdogo, kama sentimita 16 au 17 kutoka mdomo hadi mkia. Ni wa ukoo mmoja na yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia uani kwako. Anakula wadudu, panzi na mende wa kwenye nyasi. Sauti yake ni mluzi mwembamba, wa huzuni kidogo, na mara nyingi utausikia kabla hujamwona.

Lakini kilichonigusa ni jinsi anavyoishi. Hajengi juu ya mti. Hakai kwenye msitu wala kwenye shamba lililolimwa. Anataka nyasi fupi zenye mafungu marefu katikati: kwenye zile fupi anatafuta chakula, na kwenye fungu anajificha na kutaga. Sasa jiulize, nyasi za namna hiyo zinaletwa na nini? Zinaletwa na ng'ombe na kondoo wakilisha kwa kiasi. Kwa hivyo mfugaji si adui yake hata kidogo. Anayemwondoa ni jembe. Anamwondoa pia yule anayepanda mikaratusi, ile tunaita bluu gamu, katikati ya malisho, na yule anayeng'oa mafungu yote ati shamba lionekane safi. Na huyu ndege hasafiri. Ukigeuza malisho yake hapandi hewani kama korongo aende kutafuta nchi nyingine. Anasogea hadi kwenye nyasi za jirani. Jirani naye akigeuza, basi.

Tembo ana Aberdare hapo juu yetu, tena na ua wa umeme umemzunguka. Nyasi za uwanda wa Kinangop haziko ndani ya ua huo. Wataalamu wa ndege wameutambua uwanda huu, zaidi ya hekta 70,000, kuwa eneo muhimu la ndege kwa kiwango cha dunia, lakini karibu wote ni mashamba ya watu binafsi. Hati ziko kwenye masanduku yetu chini ya kitanda. Shirika la Nature Kenya limenunua vipande vichache likavifanya hifadhi ya nyasi, na kikundi cha wenyeji, Friends of Kinangop Plateau, kimehimiza watu wafuge kondoo na kusokota manyoya yao ili malisho yawe na faida. Kazi njema, tuwashukuru. Lakini ukilinganisha na uwanda mzima, vipande hivyo ni vidogo. Hakuna askari wa wanyamapori atakayekuja kwa shamba lako kumwokoa ukucha-mrefu. Kuna wewe mwenye hati.

Sasa turudi kwa Neno. Katika Kumbukumbu la Torati 22 Mungu anatoa sheria ya kioto cha ndege. Angalia mambo matatu.

Kwanza, andiko linasema kioto kikiwa mtini au kikiwa chini juu ya nchi. Nilisoma hapo nikasimama. Kioto cha chini kimetajwa. Musa hakuwahi kuona Kinangop, lakini aliyempa sheria alikuwa ameiona.

Pili, sheria hii haikatazi mtu kula. Inaruhusu kuchukua makinda au mayai. Inachokataza ni kumchukua mama pamoja na wanawe. Kwa nini? Kwa sababu ukimwacha mama, mwaka ujao kutakuwa na kioto kingine. Ukichukua vyote viwili umekata mzizi. Mungu ametupa ruhusa ya kutumia, na kutumia si sawa na kumaliza. Mimi siku ile sikuchukua makinda nikamwachia mama. Nilichukua makinda na lile fungu la nyasi na kila fungu ambalo angeweza kujengea tena. Ingekuwa afadhali ningekuwa na njaa nikawala.

Tatu, angalia ahadi iliyofungwa kwa amri hiyo: heri na siku nyingi. Hiyo ahadi umeiona wapi tena? Kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama, Kutoka 20 na Kumbukumbu la Torati 5. Amri kubwa vile na amri ndogo vile, ahadi inafanana. Sisi tunafundisha watoto ile ya wazazi kuanzia shule ya Jumapili. Ile ya kioto, nani amewahi kuisikia ikihubiriwa? Mimi mwenyewe sijawahi kuihubiri hadi leo.

Na kama bado unafikiri ndege ni jambo la pembeni, rudi Mwanzo 1:22. Baraka ya kwanza iliyotamkwa katika Biblia, ile ya kuzaa na kuongezeka, haikutamkwa juu ya mtu. Ilitamkwa siku ya tano juu ya samaki na ndege. Yetu ilikuja kesho yake.

Najua kuna wenye maswali, kwa sababu nimeshayasikia.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia hivi: "Pasta, Yesu mwenyewe amesema sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Watu hawana karo, wewe unaleta mambo ya ndege." Ni swali la haki, na sitalijibu kwa haraka. Ni kweli sisi ni bora. Lakini angalia jinsi Bwana anavyojenga hoja yake. Anaanza na kidogo ili afike kwa kikubwa. Anawaambia wanafunzi waliojaa hofu: kama Mungu anamkumbuka huyu wa nyongeza, ninyi je? Sasa ukisema Mungu hajali shomoro, umeng'oa ngazi ya kwanza, na faraja yako ya aya ya 7 haina mahali pa kukanyaga. Huwezi kuitaka aya ya 7 na kuitupa aya ya 6. Ndicho nilichofanya mimeni pale, na benchi ya nyuma iliniona.

Mwingine aliniuliza, kwani dunia si itateketea? 2 Petro 3. Ndiyo, tunaamini. Lakini wewe uliyepanga nyumba pale Njabini, mwenye nyumba akikuambia ataibomoa siku moja ambayo hakukutajia, je, unaanza kung'oa milango? Na akija kesho akute umeng'oa, utamwambia nini?

Na kuna wanaoogopa kwamba ndege akionekana kwa shamba lako, serikali itakuja ichukue ardhi. Hizo nyasi za hifadhi zilinunuliwa kwa walioamua kuuza. Hati yako ni yako. Na kwa sababu ni yako, jukumu pia ni lako.

Basi tufanye nini? Hapa ndipo Mambo ya Walawi 19 inanisaidia kuliko andiko lingine lolote. Mungu hakumwambia Mwisraeli asilime. Alimwambia asivune hadi pembeni. Aache pembe za shamba kwa maskini na mgeni. Na Kutoka 23 inaendelea mbele zaidi: mwaka wa saba ardhi ipumzike, maskini wale, na kinachobaki kiliwe na wanyama wa porini. Wanyama wa porini wametajwa kwa sheria ya shamba! Shamba la Mwisraeli lilikuwa lake, alirithi kwa baba zake, lakini ndani yake kulikuwa na sehemu ambayo hakuruhusiwa kuihesabu kwa mavuno yake.

Tena Mungu hakutoa sheria ya kutuumiza. Ninyi mnaolima waru msimu baada ya msimu kwenye udongo ule ule mmeona mnyauko. Mmea unalala chini kama umemwagiwa maji moto, ukikata kiazi unaona maji meupe yakitoka. Ugonjwa huo unapenda shamba lisilopumzika. Ekari moja na nusu niliyogeuza, msimu wa kwanza ilinipa vizuri, sitadanganya. Msimu wa pili bei ilianguka, broka akaja na lile gunia lenye kilemba, lile ambalo sheria ya kilo 50 ilikataza lakini bado linazunguka. Msimu wa tatu mnyauko ukaingia. Sisemi ni laana. Majirani ambao hawakuua ndege yeyote nao walipata mnyauko. Nasema tu kwamba ile ardhi haikuwa na deni kwangu.

Mwaka huu, kabla ya mvua, alikuja mtu anayetafuta ardhi ya kukodi kwa viazi. Alizitaka ekari mbili za malisho zilizobaki, na pesa yake ilikuwa mkononi. Karo ya kijana ilikuwa imebaki, na safari hii na ya dada yake. Mke wangu na mimi tulikaa jikoni usiku huo hadi moto ukazimika. Ananiita Pasta wakati tu hajafurahi. Akaniambia, "Pasta, usiniambie tutalipa karo kwa ndege." Sikuwa na jibu la kiroho. Tuliomba, tukalala. Asubuhi ni yeye aliyesema tuuze mtamba. Alikuwa amemlea huyo mtamba tangu siku ya kwanza, akimnyonyesha kwa ndoo, na alikuwa karibu kuzaa. Tulimuuza. Karo haikutosha yote, bado tunadaiwa, na mkituombea tutashukuru.

Malisho yamebaki. Tuna ng'ombe wawili na kondoo saba huko. Sichomi nyasi. Nikikata za kuhifadhi kwa kiangazi naacha mafungu yamesimama. Sikubali kondoo wakae mahali pamoja hadi ardhi ibaki uchi. Miti nimepanda kwenye mpaka tu, katikati hapana. Hizo zote ni kazi ndogo. Ugumu uko kwa kupiga hesabu ya kile ambacho ungepata na kuiacha hivyo. Ile ekari moja na nusu nimeirudishia nyasi, lakini nyasi za kupanda si yale mafungu ya zamani. Hayo hayarudi haraka, na huenda si mimi nitakayeyaona.

Mpwa wangu alikuja mwezi uliopita kurekebisha mlango wa boma. Tulikuwa tunakunywa chai nje wakati mluzi ulipotoka upande wa malisho, mara moja, kisha tena. Akaweka kikombe chini. "Anko, ni yule?" Nikamwambia sijui kama ni yule. Lakini ni wao.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: someni Kutoka 23:10-11 kwa sauti, halafu kila jamaa ieleze shamba lake lina pembe gani ambayo bado haijalimwa, na imepanga kuifanyia nini kabla ya mvua. Wasio na shamba waeleze walichokuwa wanakihesabu kama nyongeza. Viongozi wa ushirika waandike majibu, wayalete kwangu Jumapili. Walio na malisho yenye mafungu na wangependa mtu awasaidie kujua kama ukucha-mrefu yuko, wamwone mpwa wangu baada ya ibada. Atakuwa benchi ya nyuma.